Mdeki wa Wendell

Hollis Bend, Texas
11 Januari 1987

Shemeji Royce,

Anwani yako nimeipata kwa mama wa posta, tena kwa kubembeleza, maana uliondoka siku ya nne baada ya mazishi na sahani ya kunde niliyokupakulia hukuimaliza. Sikulaumu. Kila mtu hukimbia msiba kwa miguu yake. Mimi nimebaki kwa sababu ng'ombe hawajui kwamba kuna msiba, wanataka nyasi zao saa ileile.

Kwanza nakuomba usipige simu tena. Juzi ulipopiga, Twyla ndiye aliyepokea. Alisikia "Haloo, mwanangu," akaangusha simu akakimbilia uani, nikamkuta ameshikilia nguzo ya zizi. Unajua wewe na kaka yako mlivyo. Sura mbalimbali, sauti moja. Mimi mwenyewe katika miaka kumi na minane ya ndoa nimeshawahi kumwambia Wendell avue viatu, kumbe ni wewe unayeingia mlangoni. Siku zile tulicheka. Sasa siwezi. Ukiwa na neno, liandike.

Pili, nina swali moja, na wewe peke yako ndiye unayeweza kulijibu kwa sababu mlikuwa wawili tu kule bondeni.

Wendell alikunywa siku ile?

Walioosha maiti walinirudishia nguo zake kwenye mfuko. Koti lilinuka wiski, kifuani pote, hadi nikalitoa nje. Naibu wa sherifu hakuandika kitu, ila alisema dukani, na la dukani huwa la mji mzima. Wanasema mtu aliyeshindilia gobori miaka thelathini hapasui mtutu akiwa mkavu, bila pombe. Wanasema pole Nelda, halafu wananiangalia kwa jicho lile. Lisemwalo lipo, ndivyo walivyo.

Tarehe sita Oktoba mwaka themanini na mbili mume wangu alipiga magoti jikoni kwangu, kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki, akasema: "Nelda, sinywi tena. Na nikinywa, siku nitakayokufa usinililie." Nikamwambia haya, nimesikia. Miaka minne alitimiza. Wale wa kikundi cha walioacha pombe walimpa medali ya shaba mwezi wa kumi, akawa analala nayo kama mtoto na kigari. Niliitoa mfukoni mwake kabla hawajafunga jeneza, kwa sababu ya ile harufu. Iko kwenye droo ya vijiko. Sijui ni yake au si yake.

Mchonga mawe anataka maneno ya kaburi kabla ya siku ya kusafisha makaburi mwezi wa tano. Wendell alizoea kusema kwa utani, "Niandikieni: Alitimiza neno lake. Hata kama ni hilo moja tu." Nami sijui nimpe yapi.

Sijalia, Royce. Siku ya hamsini leo. Watu wanadhani mimi ni jiwe. Nasubiri jibu lako.

Nelda

~

Mena, Arkansas
28 Januari 1987

Shemeji Nelda,

Barua yako ilifika siku ya theluji. Huku kuna baridi inayoingia hadi kwenye meno. Nimepata kazi kwenye kiwanda cha mbao, nasukuma magogo kwenye msumeno, na nimepanga chumba juu ya kinyozi. Jioni nasikia mkasi wake mpaka anafunga. Ni sauti nzuri, haidai chochote.

Samahani kwa ile simu. Mwambie Twyla baba yake mdogo anaomba radhi. Sikufikiri.

Kuhusu lile uliloniuliza. Nelda, nikuambie nini? Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, tulitoka kabla ya jua. Chupa ilikuwepo, na ilikuwa yangu, hilo sikatai. Binadamu ni binadamu. Wendell alikuwa mtu mzuri kuliko mimi, kila mtu anajua, hata mbwa walijua. Sioni faida ya kufukua yaliyopita. Maji yakishamwagika hayazoleki. Tumwache apumzike, tukumbuke Wendell wa siku njema, yule aliyekuwa akikaanga soseji za nguruwe mwitu uwanja mzima wa kanisa ukanuka njaa.

Usijitese. Na kuhusu maneno ya kaburi, jina la mtu linatosha. Kaburi la baba yetu, Papa, lina jina tu na hakuna aliyelalamika.

Kula vizuri. Funga vizuri mlango wa nyuma, lile komeo linahitaji skrubu ndefu.

Royce

~

Hollis Bend
9 Februari 1987

Royce,

Asante kwa kutonidanganya. Ungeweza kuniandikia "hapana" ukanifurahisha, na umeona aibu kuandika uongo. Nimekuelewa. Mtu akiulizwa swali la ndiyo na hapana akajibu kwa theluji na komeo la mlango, jibu limeshatoka.

Nitakuambia nilichofanya, maana sina mwingine wa kumwambia. Jumamosi nilichukua ile medali kwenye droo nikatembea mpaka darajani, pale mto Neches unapopinda. Nikaishika kitambo. Upande mmoja umeandikwa nambari nne, na Wendell alikuwa ameisugua kwa kidole gumba mpaka ile nne ikaanza kufutika. Nikasema kwa sauti, "Hukuistahili." Nikairusha. Hata haikupiga kelele.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Twyla. Miaka kumi na sita si mtoto wa kufichwa. Nilimwambia, baba yako alikunywa, akakosea kushindilia, bunduki ikampasukia. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha mkononi. Kisha akaenda kuishusha ile picha ya ukutani, yeye na baba yake na nguruwe wake wa kwanza wa kuwinda, akaigeuza uso chini juu ya kabati.

Mchonga mawe nimempa jina na miaka. Wendell Ansel Tarver, 1941 hadi 1986. Nimemwambia maneno hakuna.

Na kulia sitalia. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza.

Nelda

~

Mena
3 Machi 1987

Shemeji,

Nimeanza barua hii mara tatu na mara tatu nimeichoma kwenye jiko la kinyozi.

Laiti usingeitupa ile medali. Mungu wangu, Nelda, usingeitupa.

Nakuomba kitu kimoja, usiniulize kwa nini. Mwambie mchonga mawe asianze kazi. Mwambie asubiri. Na mwambie Twyla aigeuze ile picha.

Nimekutumia mfuko wa njugu za walnati kwa basi. Zimeshamenywa.

Royce

~

Hollis Bend
29 Machi 1987

Royce,

Walnati zimefika, tumezitia kwenye keki, asante. Mchonga mawe nimemwambia asubiri, ingawa sijui namsubirishia nini, na ameninunia kwa sababu jiwe limekaa katikati ya karakana yake na analigonga kwa goti kila akipita.

Nguruwe wameingia makaburini. Nilijua watakuja tu, ardhi mpya ni laini na imejaa minyoo. Wiki iliyopita walifukua upande wote wa mashariki, wakang'oa maua ya plastiki ya akina Fontaine, wakafika kwa Wendell. Hawakufika mbali, kiasi cha goti, lakini nilipoona ile ardhi imepinduliwa nilikaa chini kwenye majani na gauni langu la kanisani. Fikiria, Royce. Mtu amewawinda maisha yake yote, kwa gobori, risasi moja moja, kwa sababu Papa yenu alisema anayemwinda nguruwe kwa bunduki ya kisasa afadhali akanunue nyama dukani. Na sasa wanakuja kumfukua. Wangekuwa na midomo ya kucheka wangecheka.

Twyla ndiye aliyeamka. Kwa muda mrefu hakutaka kusikia jina la baba yake, lakini hilo la nguruwe lilimchoma. Alimchukua Dolly, wakakaa pale makaburini alfajiri tatu mfululizo. Yule mbwa kazeeka lakini akisikia nguruwe anarudi ujana. Wamewafukuza. Mbali hawajaenda, ila wamejua kuna mwenyewe.

Basi Twyla akaniomba bunduki ya baba yake. Nikamwambia imepasuka, ya kazi gani? Akasema anataka aitundike tu. Ilikuwa bado kwenye gunia, kama alivyoileta naibu wa sherifu, pamoja na ule mdeki, ile fimbo ya kushindilia, uliokutwa mkononi mwa Wendell. Akaitandaza juu ya meza ya jikoni. Akaulaza mdeki kando ya mtutu, akaupima kwa vidole, akaupima tena. Akaniambia, "Mama, huu si wa Baba. Alama yake ni ya gobori fupi. Huu ni wa baba mdogo."

Mimi mambo ya mideki siyajui, najua mwiko tu. Lakini nadhani mlichanganya vitu vyenu katika ile purukushani, ukaondoka na wake. Kama unao, uutume kwa basi, nami nitakutumia wako. Twyla anataka vitu vya baba yake viwe pamoja, hata kama yeye mwenyewe hakuwa... basi. Ni mtoto wake.

Yuko kimya sana tangu siku ile. Hakula chakula cha jioni, na nilimtengenezea mkate wa mahindi wa siagi anaoupenda. Labda ni uchovu wa kuamka mapema.

Nelda

~

Mena
10 Aprili 1987

Nelda,

Kaa chini kwanza. Kama Twyla yupo karibu, sijui umwambie atoke au abaki. Nadhani anajua. Yule ni mwanafunzi wa Wendell.

Ule mdeki ni wangu. Wa Wendell ninao mimi. Uko hapa chumbani, chini ya mtutu wa gobori langu, na nimelala nao miezi mitano.

Nitakueleza kama unavyomweleza mtu asiyejua. Gobori hulishwa mdomoni. Unamimina baruti, juu yake gololi ya risasi iliyofungwa kitambaa chenye mafuta, kisha unashindilia kwa mdeki mpaka gololi ikalie baruti kabisa. Ikibaki nafasi kati yao, moto ukiwaka mtutu hupasuka. Na mtutu ukishapiga mara moja huwa na masizi, gololi hukwama njiani na mkono ukadhani imefika. Ndiyo maana Papa alichoma alama kwenye kila mdeki kwa msumari wa moto. Alama ikilingana na mdomo wa mtutu, risasi imefika. Tangu tukiwa wadogo alitwambia: "Mkono hudanganywa na masizi. Alama haidanganyi. Amini alama." Tuliiamini kuliko tulivyoamini mahubiri.

Bunduki zetu zilikuwa pacha. Lakini yangu niliiangusha kwenye reli nikiwa na miaka kumi na tisa, mdomo ukapinda, Papa akaukata kwa upana wa vidole vitatu. Mdeki aliuacha urefu uleule, akahamisha alama tu. Kwa hiyo mideki yetu ukiiweka pamoja huioni tofauti, mpaka uangalie alama. Yangu iko chini kwa vidole vitatu. Mdeki wangu ukiingia kwenye gobori la Wendell, alama inalingana na mdomo wakati gololi bado iko vidole vitatu juu ya baruti.

Asubuhi ile tulishindilia kwenye gari, kila mtu na wake, vizuri. Kisha mimi nikachukua mideki yote miwili niifute, nikairudisha chini ya mitutu. Wendell alikuwa anamfunga Dolly ukosi. Nilikuwa nimekunywa, Nelda. Mimi. Chupa yangu, mdomo wangu, mikono yangu. Wendell aliniambia, "Mdogo wangu, hiyo kitu itakutia aibu siku moja," nikamjibu, "Na wewe umekuwa mchungaji tangu lini?" Akacheka. Ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho ya maana.

Tulipiga kila mtu risasi yake ya kwanza, tukakosa wote, na nguruwe wakajikusanya kwenye matete, Dolly akiwabwekea. Tukaanza kushindilia tena. Mimi nikasukuma mdeki, ukafika mwisho, lakini alama ikabaki juu ya mdomo. Vidole vitatu juu. Nikaitazama, nikajua palepale nimeshika mdeki wa nani. Nikainua macho. Wendell alikuwa hatua arobaini, na alama yangu ilikuwa inazama kwenye mdomo wa gobori lake. Akatikisa kichwa kama anavyofanya kazi ikimridhisha. Aliamini alama.

Nilikuwa na muda. Nataka ulijue hilo kuliko yote. Muda wa kusema "Wendell, ngoja." Maneno mawili. Lakini lile dume kubwa, lile lenye sikio lililochanika, lilikuwa limetoa pua kwenye matete upande wangu. Miaka miwili tulilitafuta. Nikaona nikipaza sauti litakimbia. Nikajiambia Wendell hana nafasi ya kupiga, mimi ndiye nitakayepiga, halafu tutabadilishana mideki na nitamsimulia tucheke. Nikanyamaza kwa ajili ya nguruwe.

Dume likageukia upande wake, naye akapiga.

Alikaa robo saa. Nilimlaza mapajani kwangu. Alikuwa na maumivu ambayo sitakuandikia. Nikatoa chupa, nikamwekea mdomoni, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Akakaza meno. Nikamwambia, "Kunywa, kaka, ni dawa tu, hata Mungu ataelewa." Akageuza uso, ikamwagika kifuani. Nikajaribu tena. Akakaza tena. Akasema "Nelda." Nikadhani anakuita. Nimelifikiria sana, na sasa nadhani alikuwa ananijibu.

Ile ndiyo harufu uliyoinusa kwenye koti.

Uliponiuliza kama alikunywa, niliona mlango wa kutokea. Kama alikunywa, basi hakuna aliyemuua. Sikuandika ndiyo. Niliandika mambo ya theluji nikakuacha umalizie mwenyewe, na ulipomalizia ukaenda darajani.

Gobori langu bado lina risasi ya siku ile. Sijaipiga wala sijaitoa. Alama bado iko juu, vidole vitatu, kila nikirudi kazini naiona.

Siombi kitu.

Royce

~

Hollis Bend
16 Aprili 1987

Royce,

Jumapili ya tatu ya Mei, siku ya kusafisha makaburi, watu wote watakuwepo. Njoo. Lete gobori lako na mdeki wa mume wangu. Utasema mbele yao yote uliyoniandikia. La chupa, na la mikono yako, na lile la maneno mawili pia. Hasa lile.

Usiniletee walnati. Usinikumbatie.

Twyla alijua tangu siku ile alipopima kwa vidole. Wiki tatu alikaa na siri hiyo tumboni, akihofia nikijua nitakufa. Nilipomaliza kusoma barua yako nilimkuta mlangoni, akasema, "Mama, picha nilishaigeuza." Ndivyo nilivyojua kwamba amejua.

Nelda

~

Hollis Bend
24 Mei 1987

Royce,

Ulikuja. Nilikuwa nimejiambia hutakuja, na nilikuwa nimeshakuandalia matusi ya kukupelekea kwa posta. Mengine ni mazuri, nimeyaweka.

Uliondoka kabla ya chakula, kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Ulipoutumbukiza mdeki wa Wendell kwenye gobori lako na ile alama ikabaki juu ya mdomo, wanawake wengi hawakuelewa. Lakini wanaume wenye magobori walielewa kabla hujafungua kinywa. Niliwaona wakivua kofia mmoja mmoja. Mzee Fontaine alishika vidole vyake vitatu kwa mkono mwingine kama vinamuuma. Baadaye wakanijia. Yule naibu wa sherifu alilia, pale mezani, mbele ya bakuli la saladi ya viazi, akasema, "Dada Nelda, mimi ndiye niliyeanza kusema dukani." Nikampa kitambaa. Wote walilia, Royce. Mimi nilikata pai.

Mchonga mawe amechonga. Alitimiza neno lake. Lile la hata kama ni hilo moja tu sikuliweka, watu wasingejua kwamba ni utani.

Twyla amezamia mtoni siku nne. Alijifunga kamba kwenye nguzo ya daraja, akapapasa matope kwa mikono. Amepata kijiko, kiatu, na kufuli ya mtu. Medali hajapata. Hataipata, Neches hairudishi vitu. Nilimwambia aache, akaniuliza, "Uliirusha upande gani?" Sikuweza kumwambia, kwa sababu nilifumba macho. Kila jioni anarudi ana midomo ya buluu, naye hanilaumu, na ningependa anilaumu.

Hukuniuliza kama nimekusamehe, na umefanya vizuri. Baadhi ya siku nakuona mdogo wake aliyemlaza mapajani. Siku nyingine nakuona unalitazama dume. Siwezi kuchagua ni yupi nimchukie, na wote wawili wana jina moja. Labda nikizeeka. Mimi pia nina la kujibu. Miaka minne mtu anatimiza neno, anakaza meno mbele ya kifo, na mke wake anasimama darajani anamwambia hukuistahili. Hilo hukulifanya wewe. Wewe ulinipa sababu tu, mkono ulikuwa wangu.

Sasa nina ombi, na baada ya hilo usiniandikie tena.

Uliposimama makaburini nilifumba macho. Sikutaka kukuona, lakini nilikusikia. Na unajua ulivyo na sauti. Uliposema "Hakunywa," nilimsikia Wendell, Wendell kabisa, lakini kama anamsemea mtu mwingine. Ikanikwama hapa kifuani na mpaka leo haijashuka wala haijapanda. Aliniambia nisimlilie akinywa. Nimeshajua kwamba hakunywa, nimelisoma, nimelisikia, limechongwa kwenye jiwe. Na bado sijalia. Siku ya mia na themanini na tatu. Nadhani nasubiri aniambie yeye mwenyewe.

Jumatano jioni saa kumi na mbili Twyla huwa kwenye kwaya. Nitakuwa jikoni, peke yangu, kwenye ile sakafu. Piga simu. Usijitambulishe. Usiseme pole, wala usiniite shemeji. Sema, "Nelda, sikunywa." Kisha weka simu chini, uniache na mume wangu.

Ni maneno mawili, Royce. Safari hii yaseme.

Nelda